Hakimu na Muuza Mikate

Kabla chai ya asubuhi haijapoa, Hakimu alikuwa ameshatoa hukumu mbili, na ya tatu ilikuwa njiani.

Hakuwa hakimu wa mahakama yoyote. Alikuwa msichana wa darasa la saba, mwenye soksi zisizofanana na vidole gumba vilivyoota sugu kwa kucheza gemu. Jina hilo alibandikwa na kaka yake, siku alipoihukumu gemu moja ya mbio za magari tangu chakula cha jioni kilipopakuliwa hadi vyombo vilipomalizika kuoshwa. Vyombo, kwa taarifa yako, havikuoshwa na yeye. Jina likamganda. Hata mama yake, aliyemchagulia jina zuri la kuzaliwa, alianza kumwita Hakimu kwa kejeli, kisha akaendelea kwa mazoea.

"Hizi gemu za mpira ni wizi mtupu," alisema asubuhi ile, akipaka siagi kwenye mkate kama fundi anayepiga lipu. "Kila mwaka wanatoa mpya. Ukiifungua ni ile ile ya mwaka jana, wamebadilisha jezi na kuongeza nyasi."

"Kunywa chai," alisema mama.

"Na gemu za simu ndiyo balaa. Unaruka shimo, tangazo la sabuni. Unaruka la pili, tangazo la sabuni. Mimi sikuja kufua, nilikuja kuruka."

"Kufua kwenyewe hufui. Kunywa chai."

"Halafu siku hizi gemu zinauzwa hazijaisha. Unaiweka, inakwambia subiri kwanza, inajirekebisha. Inajirekebisha nini, na ndiyo kwanza imezaliwa? Mtu akikuuzia kiti cha miguu mitatu akakwambia wa nne atautuma, si utamtoa mbio?"

Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori na alizoea kusikiliza injini inayolalamika safari nzima, aliweka kikombe chini. "Kumbe ukitaka unaweza kueleza jambo likaeleweka. Mwalimu wako wa sayansi anasema darasani hufungui mdomo."

"Darasani hawaniulizi habari za gemu, Baba."

"Na mashujaa wao umewasahau leo?" aliuliza kaka, bila kuinua macho kwenye kompyuta yake.

"Sijawasahau. Wote ni wanaume wenye ndevu walionuna. Yaani hakuna shujaa hata mmoja aliyeamka vizuri?"

Mama aliinua macho juu. Alikuwa fundi cherehani, na wateja wake walimfundisha kuvumilia watu wanaojua kila kitu.

Kwa haki, Hakimu hakuwa mtu wa maneno tu. Alicheza kweli. Nyumbani walikuwa na mashine ya gemu waliyoachiwa na binamu aliyehamia mbali, pamoja na kontrola moja, ile ya kushika mikononi yenye vitufe na vijiti viwili vidogo vya kusukuma kwa vidole gumba. Mtaa mzima hapakuwa na mtoto aliyemshinda. Kwa hiyo watoto walimsikiliza. Wakati wa mapumziko shuleni, kando ya mabomba ya maji, akisema gemu fulani ni mbovu, hakuna aliyeigusa tena. Akisema ni nzuri, hata waliokuwa hawana pa kuichezea waliisifu.

Kaka yake naye alimsikiliza, na hapo ndipo shida ilipoingia ndani ya nyumba.

Kaka alisoma kompyuta katika chuo cha ufundi kilichokuwa nyuma ya soko. Ili amalize mwaka, kila mwanafunzi alitakiwa atengeneze programu na kuionyesha mbele ya walimu siku ya maonyesho. Kaka alikuwa ameshajaribu mara moja akaanguka, programu yake ilipozima kabisa mbele ya walimu na kukataa kuamka. Chuo kilimpa nafasi nyingine ya mwisho. Akianguka tena, masomo basi. Baba hakuwa amepiga kelele. Alisema tu, kwa upole unaotisha, kwamba amemwombea nafasi ya utingo kwenye lori. Jambo hilo lilimkosesha kaka raha, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kutapika hata kwenye basi la kwenda harusini.

Safari hii alitengeneza gemu. Aliiita Mkate Moto. Ndani yake kulikuwa na muuza mikate juu ya baiskeli, amefunga kreti nyuma, anatakiwa kufikisha mikate kwa wateja ingali inatoa moshi. Njiani kulikuwa na mitaro, na juu ya kila mtaro kulikuwa na ubao mmoja mwembamba wa kuvukia. Ukikosea kidogo, muuza mikate, baiskeli na kreti vyote vinaishia kwenye maji machafu.

Jioni moja kaka aliichomeka kontrola ya Hakimu kwenye kompyuta yake na kumsogezea dadake kiti kama anayemkaribisha mgeni rasmi. "Haya. Sema ukweli, usinionee haya."

"Lini nimewahi kumwonea mtu haya?" alisema Hakimu.

Muuza mikate alianza safari. Alipofika kwenye ubao wa kwanza akaenda kushoto, taratibu, akatumbukia mtaroni. Hakimu akaanza upya. Muuza mikate akaenda kushoto, akatumbukia. Mara ya tatu Hakimu alimvuta kulia kwa nguvu zote, akavuka ubao huku amepinda kama mtu mwenye maumivu ya tumbo, kisha akatumbukia kwenye mtaro wa pili.

"Huyu muuza mikate ana mchumba mtaroni," alisema Hakimu.

"Haiwezekani," alisema kaka. "Chuoni naicheza kwa vitufe vya kompyuta, anakwenda wima kabisa."

"Hapa haendi wima. Hapa anakwenda kuoga."

Kaka alikuna kichwa. "Kontrola yako ni nzima?"

Swali lile lilimchoma Hakimu. "Kontrola hii? Inacheza gemu kubwa kubwa za ng'ambo bila neno, ije ishindwe na mtu wa mikate?"

"Nauliza tu. Haijawahi kuanguka?"

Hapa inabidi tusimame kidogo, maana Hakimu naye alisimama. Wiki chache kabla ya hapo, baada ya kufungwa bao la dakika ya mwisho, alikuwa ameirusha ile kontrola. Iligonga mguu wa cherehani ya mama, ikaruka, ikazama kwenye ndoo ya nguo zilizolowekwa kwa sabuni. Aliitoa upesi, akaifuta, akaianika dirishani nyuma ya pazia. Ilipokauka ikawaka. Kesi ikafungwa bila mashahidi. Na sheria ya nyumba aliijua vizuri, kwani baba aliitangaza siku mashine ilipoingia: siku kitu chochote cha gemu kitakapoharibika kwa hasira, mashine nzima inapanda juu ya kabati na haishuki mpaka mitihani ya mwisho wa mwaka ipite.

Na baba alikuwa pale pale, amekaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya moto baada ya safari ndefu.

"Haijawahi," alisema Hakimu.

"Hata mara moja?"

"Kaka, unatafuta mchawi. Gemu yako inavuta kushoto. Tengeneza gemu yako."

Alisema kwa uhakika mkubwa, na sehemu kubwa ya uhakika huo ilikuwa ya kweli. Gemu nyingine zote zilikwenda sawa kwenye kontrola ile. Kwa nini aishuku? Ile ndoo aliifukuza kichwani, nayo ikatii.

Kesho yake, kando ya mabomba ya maji, alitoa hukumu kamili. Alionyesha kwa mwili wake jinsi muuza mikate anavyotembea, amelalia upande, mpaka watoto wakashika mbavu. Jioni kaka alipopita mtaani kutoka chuoni, kitoto kisichozidi magoti yake kilimuuliza, "Kaka, yule wa mikate ameshatoka mtaroni?"

Kaka aliingia nyumbani, akaweka begi chini kwa nguvu. "Umewaambia mtaa mzima?"

"Nimewaambia ukweli."

"Ukweli wenyewe siuoni. Nimeipitia programu mstari kwa mstari. Nimeipitia mpaka nikiota naota mistari. Haina kosa."

"Basi muuza mikate ndiye ana kosa," alisema Hakimu, na akashangaa alivyoona kaka hakucheka.

Kontrola za chuo zilifungiwa kabatini hadi siku ya maonyesho, kwa hiyo kaka hakuwa na nyingine ya kujaribia. Akafanya lile ambalo mtu aliyechoka hulifanya. Alichukua gemu iliyokuwa nzima akaipinda. Alimwongezea muuza mikate msukumo wa kwenda kulia kila anapoendeshwa kwa kontrola, kidogo kidogo, akimwita Hakimu ajaribu kila mara, hadi siku moja Hakimu alivuka mbao zote za hatua ya kwanza bila tone la maji machafu.

"Ameponywa," alitangaza Hakimu. "Mahakama inamwachia huru."

Kaka alivuta pumzi ndefu mno hata mama akachungulia kuona kama kuna tairi limepasuka. Furaha ilimzidi. Akaosha vyombo, na haikuwa zamu yake.

Siku ya maonyesho ilikuwa Jumamosi. Kaka alitoka asubuhi na shati lililopigwa pasi na mama, amebeba gemu yake kwenye flashi mfukoni, kwa kuwa walimu walitaka kila kazi ionyeshwe kwenye kompyuta za chuo. Kompyuta yake aliiacha mezani. Mama naye alitoka, akampelekea mteja gauni la kujaribu. Baba alikuwa amelala. Alirudi safari alfajiri, na katika nyumba ile kumwamsha dereva aliyetoka safari kulihesabiwa sawa na kuchoma nyumba.

Mara akaja Chaji. Huyu alikuwa kijana wa nyumba ya jirani, mwenzake Hakimu darasani, aliyepata jina kwa kuzunguka na waya wa simu mkononi akiomba umeme kwa majirani. Leo alikuja na waya wake, na pia kontrola yake, ili wacheze mpira wawili.

"Kabla ya mpira," alisema, akichomeka simu ukutani bila kuomba, "nionyeshe huyo muuza mikate maarufu."

"Ameshapona. Kaka amemrekebisha."

"Nataka kumwona mgonjwa mwenyewe."

Chaji alichomeka kontrola yake kwenye kompyuta. Muuza mikate akaondoka vizuri, akakata kulia, akagonga ukuta wa nyumba ya mteja. Akarudi nyuma, akakata kulia, akagonga ukuta ule ule.

"Unacheza kama umelala," alisema Hakimu. "Lete hapa."

Aliishika kontrola ya Chaji mwenyewe. Muuza mikate akakata kulia, akagonga ukuta, mikate ikamwagika.

"Na wewe umelala," alisema Chaji.

Hakimu alichomoa, akachomeka ya kwake. Muuza mikate akanyooka kama rula. Akachomeka ya Chaji. Ukutani. Ya kwake. Wima.

"Kontrola yako ni mbovu," alisema Hakimu, lakini sauti haikuwa ile ya kando ya mabomba.

"Yangu? Ndiyo hii hii niliyowafunga nayo kina fulani juzi. Sema yako." Chaji alitazama kioo. "Hapa kuna Mkate Moto mbili. Hii nyingine ni nini?"

Ilikuwa ile ya kwanza, ya kabla kaka hajaipinda. Chaji aliifungua kwa kontrola yake. Muuza mikate akavuka ubao wa kwanza, wa pili na wa tatu, akapiga kengele mlangoni kwa mteja. Kisha Hakimu akachomeka kontrola yake mwenyewe, akaiweka mezani, akaondoa mikono. Hakuna aliyeigusa. Ilikuwa imelala pale chali kama mende. Na muuza mikate, peke yake, akaanza kusogea kushoto, polepole, hadi akatumbukia.

"Ana mapepo," alinong'ona Chaji.

"Si mapepo," alisema Hakimu. Ile ndoo ya nguo ilikuwa imerudi kichwani mwake, na safari hii ilikataa kufukuzwa. "Ni kijiti. Kijiti cha kushoto kimelegea. Kinasukuma chenyewe."

Wote wawili wakaanza kuielewa habari ile. Gemu ya kaka ilikuwa nzima tangu mwanzo. Kaka alikuwa ameiharibu kwa mikono yake ili ilingane na kontrola mbovu, na muda si mrefu walimu wangeichezea kwa kontrola nzima za chuo. Muuza mikate angegonga ukuta mbele ya chuo kizima.

"Mpigie," alisema Chaji.

Alipiga kwa simu ya nyumbani. Simu ya kaka ilikuwa imezimwa, kwa sababu wanafunzi wote waliacha simu zao getini.

"Basi kaa kimya," alisema Chaji. "Nani atajua? Watasema ni yeye alikosea."

Chaji hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa tu na tabia ya kusema kwa sauti yale ambayo wenzake wanayafikiria kimoyomoyo. Hakimu alikuwa ameshalifikiria hilo. Alimwona kaka kwenye lori, amekaa juu ya magunia, uso wa kijani, akishika ndoo yake mwenyewe. Akaona pia kuwa chuoni hawatamruhusu mtoto peke yake kuingia, na mama hayupo. Aliutazama mlango wa chumba cha baba.

"Usifanye hivyo," alisema Chaji, akachomoa simu yake haraka. "Mimi nimepata asilimia zinazonitosha." Akaondoka.

Hakimu alibisha. Akabisha tena. Ndani, mkoromo ulikatika.

"Kuna moto?" iliuliza sauti ya baba.

"Hakuna, Baba."

"Kuna mwizi?"

"Hakuna. Ni mimi. Niliirusha kontrola ikaangukia kwenye ndoo, nikamwambia kaka haijawahi kuanguka, naye ameipinda gemu yake kwa sababu yangu, na sasa hivi anakwenda kuanguka mtihani."

Kitanda kililia. Kisha mlango ukafunguka, na baba akatoka amevaa shati ndani nje.

"Viatu vyako viko wapi?" aliuliza.

Walikwenda kwa miguu, baba mbele kwa hatua zake ndefu, Hakimu nyuma akikimbia nusu nusu. Baba hakusema neno. Hakimu angefurahi kugombezwa, kwa sababu mtu anayegombezwa anajua amefika wapi. Walipita katikati ya soko, wakapita nyuma yake, na bado baba hakusema neno.

Getini mlinzi aliwazuia kwa fimbo. "Wageni ni baada ya chakula cha mchana. Sasa hivi ni walimu na wanafunzi tu."

"Mimi si mgeni, ni mzazi," alisema baba. "Na huyu ni shahidi."

"Shahidi wa nini?"

"Wa kuharibu."

Mlinzi aliliangalia shati la baba lililogeuzwa, akaona jambo hili lazima liwe zito, akashusha fimbo.

Ukumbini meza zilipangwa kuzunguka kuta, na juu ya kila meza palikuwa na kompyuta. Mwalimu mkuu wa kitengo, mama mmoja mwenye miwani aliyoipandisha kichwani na kuonekana ameisahau huko, alikuwa meza ya jirani, akitazama taa za barabarani za kuchezea zilizowaka zote nyekundu kwa pamoja. Kaka alisimama kwenye meza yake akijifuta mikono kwenye suruali. Alipowaona, uso ulimwanguka.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," alisema Hakimu. "Kaka, gemu yako ilikuwa nzima. Kontrola yangu ndiyo inayovuta. Ilianguka kwenye ndoo."

Kaka aliacha kujifuta mikono. "Nilikuuliza," alisema polepole.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kwa Kiswahili. Nikasema, haijawahi kuanguka?"

"Ndiyo."

"Nikauliza tena, hata mara moja?"

"Baba alikuwa amekaa pale," alisema Hakimu kwa sauti ndogo.

Baba alikohoa. Kaka aliziba uso kwa mikono miwili na kutoa mlio kama birika linalokaribia kuchemka. "Yaani wewe," alisema ndani ya viganja. "Umenikosesha usingizi. Nimechekwa mpaka na watoto wa chekechea. Nimekuoshea vyombo."

"Kuna nini hapa?" Mwalimu alikuwa amefika.

Kaka alimwonyesha Hakimu kwa kidole. Hakimu akaona ni zamu yake. Alieleza yote, kuanzia bao la dakika ya mwisho hadi ndoo, na kutoka ndoo hadi neno lile moja, haijawahi. Hakuzungusha. Ilikuwa hukumu fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na mara hii mshtakiwa alikuwa yeye.

Mwalimu hakutikisa kichwa wala kutabasamu. Alishika kontrola ya chuo, akamwendesha muuza mikate. Kulia, ukutani, mikate chini.

"Naona," alisema. Kisha akamgeukia kaka. "Na wewe unasemaje? Sitaki habari za mdogo wako. Nataka za programu."

Kaka aliigeukia kompyuta. Alianza kwa kigugumizi, kisha maneno yakamjia. Akaeleza kwamba kijiti kilicholegea husukuma kidogo hata kisiposhikwa, kwamba gemu kubwa zimetengenezwa zipuuze msukumo mdogo kama huo, ndiyo maana kwao tatizo halikuonekana, na kwamba gemu yake ilitii kila msukumo, hata wa sisimizi. Alikuwa amemwongezea muuza mikate nguvu ya kulia badala ya kutafuta chanzo.

"Kwa hiyo una makosa mawili," alisema mwalimu. "Gemu yako ilikuwa nyepesi kupita kiasi. Na ulijaribu kwa kontrola moja, kwa mchezaji mmoja, tena ndugu yako. Mdogo wako amekudanganya, sawa. Lakini na wewe ulipokea lawama bila kuipima." Aliishusha miwani machoni, akatazama meza zilizobaki. "Kanuni inasema nipime kazi kama nilivyoikuta. Lakini nina meza nyingi za kupitia, na chai yangu inapoa ofisini. Nikirudi hapa nitakuwa nimeikuta kwa mara ya kwanza."

Akaondoka.

Kaka aliketi. Kwa haraka akakosea kuandika neno lake la siri, akarudia. Baba alisimama nyuma ya kiti akiwa amekunja mikono, amegeuka ukuta, watu wa meza nyingine wasichungulie. Kaka akauondoa ule msukumo wa kulia. Kisha akaandika mistari michache mipya, ili muuza mikate asisikie sukuma-sukuma ndogo ndogo, asogee mtu anaposukuma kweli.

"Cheza," alimwambia Hakimu, bila kumtazama.

Hakimu alicheza. Alicheza kwa kontrola ya chuo hatua ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hatua ya tatu hakuwahi kuimaliza siku zote zile, japokuwa alikuwa ameitolea hukumu. Kaka akamwambia arudie, akarudia. Hakusema kitu ila "imevuka", "imevuka", "imevuka hapa pia".

Mwalimu aliporudi alicheza mwenyewe, mdomo umebana, kiwiliwili kikipinda pamoja na baiskeli kila penye kona. Alifikisha mikate yote isipokuwa mmoja, aliokubali kuwa ni kosa lake. "Umepita," alimwambia kaka. "Si kwa alama za kujivunia mtaani, lakini umepita. Ungekuwa umejieleza vibaya pale mwanzo, usingepita."

Kaka alimshukuru mara nyingi mno, mpaka mwalimu akahamia meza nyingine ili amnyamazishe.

Kurudi, walitembea watatu bega kwa bega. Hapo ndipo baba alipofungua mdomo.

"Mashine inapanda juu ya kabati leo leo."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa ajili ya ndoo, hiyo. Kwa ajili ya uongo, utawaambia wenzako wa pale kwenye mabomba mambo yalivyokuwa. Umemchafua kaka yako mbele za watu, utamsafisha mbele za watu hao hao."

Hilo lilikuwa zito kuliko kabati. Hakimu aliinama. "Ndiyo, Baba."

Wakatembea kidogo.

"Sasa umeicheza yote," alisema kaka ghafla, akitazama mbele. "Kwa kontrola nzima. Ikoje?"

Hakimu alisita. Baada ya yote aliyomtendea, jibu rahisi lilikuwepo: ni gemu bora kuliko zote duniani, na wale wa ng'ambo waje wajifunze. Kaka angefurahi, na deni la asubuhi lingepungua. Alimtazama baba, na baba hakumsaidia.

"Hatua mbili za kwanza ni nzuri sana," alisema. "Sikuzitarajia. Ya tatu inachosha. Muuza mikate anapanda mlima mrefu na hakuna kinachotokea. Anapanda tu."

Kaka alisimama katikati ya njia. "Umenichoma asubuhi, na sasa tena?"

"Umeniuliza."

Kaka alipiga teke kijiwe. Kisha akaguna. "Najua mlima ni mrefu. Nilikuwa naomba mtu asiuone."

"Hiyo ndiyo hukumu," alisema baba. "Zile nyingine zilikuwa kelele. Mimi lori likivuta upande mmoja siilaumu barabara, nashuka nikague matairi yangu kwanza. Nikikuta sina kosa, hapo sasa naisema barabara, na naisema kwa sauti, kwa sababu barabara nyingine ni mbovu kweli. Sema utakalo kuhusu gemu, mwanangu, na watengenezaji wake, na ndevu zao. Lakini ufike mwisho wa kitu kabla hujakihukumu, na mtu akikuuliza kama umekivunja, mjibu. Asingejua nini cha kutengeneza bila jibu lako."

"Ndiyo, Baba."

"Na shati langu liko ndani nje," aliongeza. "Nyinyi wawili mmeliona tangu muda, hakuna aliyeniambia."

Hakimu na kaka walitazamana.

"Tulikuonea haya, Baba," alisema Hakimu.

"Ndiyo mwanzo wa matatizo yote," alisema baba, akaingia nyuma ya kibanda cha viatu kulivua na kuligeuza.